Wenye Nasaba ya Saratani Waitwe Mapema

Ilipogunduliwa jeni ya BRCA1 mwaka 1994, na BRCA2 mwaka uliofuata, ilithibitika kuwa saratani ya matiti huweza kufuata nasaba. Mwanamke aliyerithi hitilafu katika jeni hizo, hatari yake ya kuugua maishani hukaribia 7 katika 10. Hitilafu hiyo hutoka kwa baba sawasawa na kwa mama. Basi kuuliza habari za khaloo na kuwasahau mashangazi ni kuuliza nusu.

Mashine za kumpima kila mwanamke hazitutoshi. Lakini daftari halikosekani. Muuguzi wa kila kituo cha afya, Unguja na Pemba, aandike: nani katika ukoo aliugua, na kwa umri gani? Binti wa mama aliyeugua akiwa na miaka 42 asingojee kufika 40. Aghalabu waganga humtaka aanze kupimwa kwenye 32.

Wapo watakaosema tunafichua siri za nyumba za watu. Siri hiyo ndiyo iliyowachelewesha akina mama wetu hadi uvimbe ukawa kidonda, ndipo wakavushwa bahari kufuata mionzi Ocean Road.

Wizara iagize daftari hilo, na nauli ya boti ya anayetoka Pemba iingizwe katika bajeti.