Mkataba Usiokufa Humfaidi Nani?

Subira huvuta heri, twaambiwa tangu tukiwa wadogo. Lisilosemwa ni kwamba katika meza ya mashauriano baina ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, anayesubiri huwa mmoja na anayepata heri huwa mwingine. Ushahidi upo Marekani, katika kisa cha wahudumu wa ndege wa shirika la United.

Shirika hilo lenye makao yake Chicago liliungana na Continental tarehe 1 Oktoba 2010. Yaliyokuwa na manufaa ya haraka kwa wenye hisa yalikwenda mbio. Kufikia mwisho wa Novemba 2011 serikali ilikuwa imetoa cheti kimoja cha kuendeshea safari, na Machi 2012 mitambo ya kuuzia tikiti ikaunganishwa, jina la Continental likazikwa. Wahudumu je? Hao walikuwa wapata 25,000, na walibaki chini ya mikataba mbalimbali, kila kundi na masharti yake ya malipo, mapumziko na zamu. Mhudumu aliyetoka Continental hakupangwa katika ndege moja na mwenzake wa United, ijapokuwa mwajiri wao alikuwa mmoja. Mkataba wa pamoja uliidhinishwa kwa kura Agosti 2016, karibu miaka sita baada ya mashirika kufunga ndoa, na hata hapo ilichukua hadi 2018 kuwaweka wote katika mpango mmoja wa zamu.

Wengi watalaumu ukaidi wa wakubwa. Si uzushi mtupu, maana mkuu wa shirika, Jeff Smisek, aliondoka Septemba 2015, akaingia Oscar Munoz, na lililoshindikana miaka mitano likawezekana katika muda usiotimia mwaka. Lakini mimi naitazama zaidi lugha ya sheria.

Mashirika ya ndege ya Marekani yako chini ya sheria ya kazi za reli ya 1926, iliyopanuliwa mwaka 1936 ikayajumuisha. Chini ya sheria hiyo mkataba wa wafanyakazi haufi. Tarehe yake ikifika, hausemwi kuwa umekwisha, bali kwamba sasa unarekebishika. Wanafunzi wa sarufi wataitambua kauli hiyo ya kutendeka: yatuambia kuwa tendo lawezekana, lakini mtenda hatajwi, wala wakati wa kutenda. Ndivyo mambo yalivyo hasa. Masharti ya zamani huendelea kutawala huku bei za vitu zikipanda. Wafanyakazi hawawezi kugoma mpaka bodi ya taifa ya upatanishi iwaachilie, na bodi hiyo haikuwekewa muda. Ikiwaachilie, kuna siku 30 za kutuliza hasira, kisha Rais aweza kuunda bodi ya dharura na kuuahirisha mgomo zaidi. Shabaha ilikuwa njema, kwani reli na ndege zikisimama taifa zima huumia. Hata hivyo, anayeendelea kulipa mshahara wa zamani ana sababu gani ya kuharakisha? Mwalimu wa Kenya anayekumbuka nyongeza iliyokubaliwa Oktoba 1997, na mgomo wa 1998 uliozuka kwa kuwa haikutekelezwa yote, hahitaji kufafanuliwa.

Wanachama nao hawana budi kujitazama. US Airways na America West zilipoungana mwaka 2005, marubani walikorofishana wao kwa wao kuhusu orodha ya ukongwe kazini, ile inayoamua nani apate ndege kubwa na likizo ya msimu mzuri, na nani awe wa kwanza kupunguzwa. Msuluhishi George Nicolau alitoa uamuzi mwaka 2007. Baadhi ya marubani wa US Airways wenye utumishi wa zaidi ya miaka 15, waliokuwa wamesimamishwa kazi wakati wa muungano, walijikuta wamewekwa chini ya watu walioajiriwa juzi upande wa pili. Mwaka 2008 walio wengi waliking'oa chama chao na kuweka kingine, kesi zikafuatana, na makundi hayo mawili yakaendelea kuruka chini ya mikataba tofauti hata shirika lao lilipoungana na American Desemba 2013. Siwacheki. Aliyepoteza nafasi yake katika orodha ile amepoteza ujana alioutoa kazini. Ila kila mwezi wa ugomvi wao ulikuwa mwezi mwingine wa mishahara iliyokatwa wakati wa kufilisika.

Wizara ya Sheria ya Marekani iliuridhia muungano wa United na Continental Agosti 2010, baada ya mashirika hayo kukubali kuiachia Southwest baadhi ya nafasi za kuruka na kutua katika uwanja wa Newark. Hivyo abiria alilindwa asitozwe nauli ya kupindukia. Itasemwa kwamba wizara hiyo kazi yake ni ushindani wa biashara tu. Basi bunge lililotunga sheria ya 1926 na liseme kwamba hakuna kibali cha kuungana pasipo tarehe ya mkataba wa pamoja, na kwamba tarehe hiyo ikipita bila saini, nyongeza itakayokubaliwa ihesabiwe kuanzia siku hiyo.