Kesi ya mtoto jitu na kifurushi cha filamu kutoka Kikuubo

KAMPALA. Anayeingia Kikuubo kwa mara ya kwanza hudhani amepotea njia. Ni kichochoro tu, na jina lenyewe kwa Kiluganda lina maana hiyo hiyo. Lakini humo, katikati ya wachukuzi waliojitwika maboksi, ndimo inamonunuliwa sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na vyombo vya plastiki vinavyovuka mpaka kwenda Juba, Goma na kwingineko. Mnunuzi wa jumla hafungi safari kwa bidhaa moja. Pembeni ya mzigo mkuu hutia kifurushi cha ziada: madaftari, midoli, na pengine filamu zilizotafsiriwa. Zamani zilikuwa kwenye kanda, zikaja diski, na siku hizi filamu mia moja hukaa kwenye flashi ndogo kuliko kidole gumba.

Kifurushi hicho kidogo kinaweza kumponza mwenye mzigo mkubwa. Tuchukue mfano wa filamu moja ya familia.

Mwaka 1989 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya vichekesho kuhusu mvumbuzi Wayne Szalinski, aliyeigizwa na Rick Moranis, ambaye mashine yake iliwapunguza watoto wake wakawa wadogo kama wadudu. Filamu ilipendwa sana, na mwaka 1992 ukaja mwendelezo, Honey, I Blew Up the Kid, ulioongozwa na Randal Kleiser. Safari hii jaribio linaharibika kwa upande wa pili. Mtoto Adam, wa miaka miwili, anapigwa na miale ya mashine, na kila akikaribia umeme anarefuka, hadi anafikia futi 112 na kutembea katikati ya Las Vegas huku magari yakiwa kwake kama vichezeo. Baba anahangaika kumficha mkewe jambo lililotokea. Mwishowe mama naye anakuzwa hadi kimo cha mwanawe, maana hakuna mwingine anayeweza kumbembeleza. (Kwa mgao wa umeme tunaoujua sisi, Adam angebaki mfupi.)

Kichekesho cha namna hii hakihitaji Kiingereza. Ndiyo maana filamu za familia huwafaa watafsiri wa Kampala, wale wanaoitwa VJ, kama VJ Jingo, wanaozungumza Kiluganda juu ya picha na kuongeza utani wao. Kazi hiyo ilikulia kwenye kumbi ndogo za video ambazo Waganda huziita bibanda, neno walilolichukua kwetu, kibanda. Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Kenya ina DJ Afro, ambaye sauti yake imesikika kwenye matatu na vinyozi kuliko ya waigizaji wenyewe. Huo ni ufundi wa kweli. Mimi sioni haya kusema kuwa mara nyingine tafsiri huizidi filamu.

Tatizo ni picha iliyo chini ya sauti.

Mwendelezo huo wenyewe uliwahi kufikishwa mahakamani. Paul Alter, mwongozaji wa vipindi vya televisheni huko Marekani, aliishtaki Disney akidai kuwa wazo la mtoto jitu lilikuwa lake, na kwamba aliwahi kuliandikia hati ya filamu ambayo haikupata kutengenezwa. Kesi ilisikilizwa mwaka 1993, jopo la raia likampa ushindi, na Disney ikatakiwa kulipa dola 300,000. Kama kampuni kubwa kiasi hicho ililipa kwa sababu ya hati isiyowahi kuwa filamu, mchuuzi mwenye flashi ya filamu nzima ajiulize atajitetea vipi.

Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006. Kwa sheria hiyo kutafsiri kazi ya mtu, kuinakili na kuisambaza kunahitaji idhini ya mwenye nayo. Kuongeza sauti ya Kiluganda hakumpi VJ umiliki wa picha, wala mteja wake. Tanzania, mbali na sheria ya 1999 na usimamizi wa COSOTA, ilianza mwaka 2013 kudai stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki. Mwaka 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliandamana Dar es Salaam wakipinga filamu za nje zinazouzwa bila stempu hizo. Kenya ina KECOBO pamoja na sheria ya 2008 dhidi ya bidhaa bandia.

Kuna jambo moja ambalo wachuuzi wengi hulikosea. Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya, unaomruhusu mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 kuvuka kwa hati rahisi ya uasili, ni kwa bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Filamu ya Hollywood iliyonakiliwa Kampala haijazaliwa Kampala. Zaidi ya hapo, Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya 2004 inaweka bidhaa bandia za aina zote miongoni mwa zilizopigwa marufuku. Afisa wa Mutukula au Malaba akizihesabu diski hizo kuwa bandia, hakuna ushuru wa kulipa ili zipite. Zinachukuliwa, na maswali yanahamia kwenye sabuni na sukari zilizo kando yake.

Njia nyingine ipo, na haiko mbali na Kikuubo. Katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo Las Vegas zisingetosha chakula cha mchana cha waigizaji. Inachekesha, ina VJ wake ndani yake, na diski za studio hiyo ziliuzwa na waigizaji wenyewe nyumba kwa nyumba. Anayetaka kuvusha filamu ya aina hiyo anajua mlango wa kubisha, na anaweza kuomba idhini kwa maandishi. Usajili wa hakimiliki hapa Kampala hufanywa na ofisi ya usajili ya serikali, URSB. Nakala ya karatasi hiyo ikae pamoja na risiti za mzigo, si chini ya maboksi.