Vitabu Tusomavyo Majira ya Baridi

Sisi tuko Njombe, nchi ya baridi. Ndugu zetu wa pwani wakiambiwa ya kuwa huku mwezi wa Juni na Julai sakitu hushuka usiku ikaunguza majani ya viazi shambani, hawasadiki. Lakini sisi wenyeji twaijua baridi yetu, tena twaijua faida yake. Jua likiisha kuchwa, hakuna atamaniye kuzurura. Watu wote wa nyumbani hukusanyika jikoni penye moto wa kuni za miwati. Mahindi ya mwaka yamewekwa katikati yangoja kupukuchuliwa. Mikono ina kazi, lakini masikio hayana. Basi huo ndio wakati wetu wa vitabu. Mmoja husoma kwa sauti, wengine hupukuchua, na msomaji akichoka hupokewa na mwingine.

Wala desturi hii si mpya. Mtume Paulo alipokuwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee joho lake alilomwachia Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, tena ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Sisi watu wa Njombe twalielewa ombi lile kuliko wengi: joho la kuutia mwili joto, na vitabu kwa ajili ya moyo.

Walimu kadhaa, na wakuu wa nyumba pia, wametuuliza mara nyingi: “Ninyi mwasoma nini? Nasi tuwanunulie watoto wetu kitabu gani?” Mwezi huu twajibu. Tutawaeleza vile vilivyomo nyumbani mwetu sasa, na mwisho tutawasimulia kosa tulilolifanya kwa ajili ya kitabu kimoja, ili ninyi msilifanye.

Wazee wetu hawakuwa na shida ya kuchagua. Wamisionari wa Berlin walipofika Ubena katika miaka ya 1890, wakajenga Kidugala na mahali pengine, waliojifunza kusoma walikuwa na kitabu cha kwanza cha herufi, na baadaye Agano Jipya, basi. Nyumbani mwetu ingalipo Biblia ya babu, ile iliyofasiriwa na Karl Roehl pamoja na wasaidizi wake Waafrika, iliyotoka mzima mwaka wa 1937. Roehl alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kutafuta yale ya Kibantu, kwa hiyo Kiswahili chake kina ladha ya bara. Kabla yake Askofu Steere wa Unguja alikuwa amekwisha kutoa Agano Jipya mwaka wa 1879, na Biblia nzima ya Unguja ilitimia mwaka wa 1891. Biblia isomwayo katika makanisa mengi leo, ile ya Muungano, ilitoka mwaka wa 1952. Jioni nyingine huweka ya babu na ya leo ubavu kwa ubavu, tukasoma sura moja katika zote mbili. Watoto hucheka kwanza, kisha huanza kuuliza kwa nini neno hili limeachwa na lile limechukuliwa. Mwalimu ajaribu hayo darasani, ataona jinsi lugha inavyowafungukia.

Sasa tuje kwa vitabu vingine.

Mama wa nyumba asoma Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kilichoandikwa na Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Habari ya kitabu hiki yenyewe ni fundisho la subira. Mzee Kitereza, aliyesomeshwa na wamisionari, alikimaliza kwa Kikerewe mwaka wa 1945, asipate mtu wa kukichapa. Akakigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili. Kilichapwa mwaka wa 1980, naye akafariki mwaka wa 1981. Miaka 35 alingoja! Ndani yake mna mume na mke wasiojaliwa mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamchukua kwao, na mume, badala ya kuoa mwingine na kumsahau, anafunga safari kwenda kumrudisha. Anatozwa pombe ya ndizi na wakwe, anahangaika huku na huku mpaka aipate, kisha wanatafuta matibabu wote wawili. Kitabu ni kinene, nacho hakina haraka: kitakueleza jinsi ya kusalimiana, ya kulima, ya kumpokea mgeni. Lakini twajua nyumba ngapi katika nchi yetu zimevunjwa kwa sababu ya utasa, na ni mara ngapi aibu yote hutwikwa mke peke yake! Mama mmoja jirani yetu, ambaye naye ni miaka mingi hajapata mtoto, huja kusikiliza kila jioni. Hasemi neno. Tulipokosa kusoma siku mbili kwa sababu ya wageni, alikuja kuuliza kama Myombekere amekwisha kufika kwa wakwe zake.

Baba wa nyumba asoma tenzi za Mwalimu Julius Nyerere. Wengi humjua kuwa kiongozi wa nchi, nao husahau ya kuwa alikuwa mwalimu wa shule kabla ya hayo, na mshairi pia. Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, tamthilia za Shakespeare, alizifasiri yeye. Tena alizitunga Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, nazo zilichapwa mwaka wa 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Peramiho ni jirani zetu, ukiishika barabara ya Songea. Tenzi hizi hazifai kusomwa kimya kimya, ziimbwe. Mtoto asiyeweza kukumbuka sura ya Injili aweza kukumbuka beti ishirini pasipo taabu.

Watoto wadogo wasomewa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka wa 1952. Ni hadithi ya liwali mwema ambaye kila usiku huwapiga manyani wawili kisha hulia kwa kuwahurumia. Kwa nini awapige, na kwa nini alie? Hatutawaambia, someni. Twasema tu ya kuwa ni habari ya wivu wa ndugu na ya msamaha, na mtoto aliyesikia habari za Yusufu na kaka zake ataijua njia. Kwa vijana waliomaliza shule na kuona haya kushika jembe, twapendekeza kitabu kingine cha mtungaji huyo, Utubora Mkulima, kilichotolewa mwaka wa 1968, miaka 6 baada ya kufa kwake. Ni habari ya mtu aliyeacha kazi nzuri ya mjini akaenda kulima. Huku kwetu kwenye mahindi, viazi na chai, kijana akisome kabla hajapanda basi la Dar es Salaam.

Mjomba wa watoto akaa Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka kwetu, pale barabara yetu inapokutana na barabara kuu ya Mbeya, na penye kituo cha reli ya TAZARA iliyoanza kazi mwaka wa 1976. Yeye ni mwalimu aliyestaafu. Asema upepo wa Makambako hauruhusu mtu kusoma nje, kwa maana hufunua kurasa kabla hujazimaliza. Sasa asoma Safari ya Msafiri cha John Bunyan, yule mhubiri aliyefungwa gerezani Bedford, ambacho kwa Kiingereza kilitoka mwaka wa 1678; huu ni mwaka wake wa nne wa kukirudia. Pamoja nacho asoma Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2021. Kitabu hicho kilifasiriwa na Ida Hadjivayanis kikatoka kwa Kiswahili mwaka wa 2022. Chasimulia kijana Yusuf aliyetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara kwa sababu ya deni. Vitabu vyetu na vyake husafiri ndani ya kikapu kwa basi, vimefungwa kwa kitambaa, na bado hakijapotea hata kimoja.

Basi tumefika penye kosa letu.

Likizo iliyopita binti yetu mkubwa, aliye kidato cha tatu, alirudi nyumbani na kitabu alichoazima kwa mwenziwe. Tulikiona chini ya mto wake. Kilikuwa Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka wa 1971. Tulikuwa tumesikia tangu zamani ya kuwa kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya mambo ya wanaume na wanawake yaliyomo, ingawa baadaye kiliruhusiwa kikafundishwa. Hatukuuliza neno. Tulikichukua, tukakitia sandukuni, tukafunga kwa kufuli, tukamwambia binti ya kuwa nyumba ya Kikristo haina nafasi kwa kitabu cha namna ile. Yeye hakujibu. Lakini tangu jioni ile hakuja tena kuketi nasi motoni. Alikuwa akila, akiosha vyombo, akienda kulala.

Siku ya nne akaja mjomba na kikapu chake. Akaona mahali pa binti pa tupu, akauliza, tukamweleza, tena kwa kujisifu kidogo. Akanyamaza, kisha akasema, “Shemeji, na wewe dada, kitabu chenyewe mmekisoma?”

Tukasema hatujakisoma.

“Basi mmekata hukumu na shahidi hajafika barazani.”

Tulikasirika, lakini alipokwisha kuondoka tulikifungua kile kisanduku. Tulikisoma usiku mbili, sisi wawili, watoto wakiisha kulala. Ni kweli, yamo mambo mazito, na mwisho wake ni mchungu sana. Mtoto mdogo asipewe. Lakini mle ndani tulimkuta Zakaria, baba yake Rosa. Zakaria apata barua ambayo mvulana amemwandikia binti yake. Hamwulizi lo lote, ampiga vibaya. Rosa akua akiwaogopa wanaume bila kufundishwa neno juu yao, na afikapo mahali asipoonekana na baba, hana silaha ya kujilinda. Hatukuweza kutazamana, sisi mume na mke. Hatukumpiga binti yetu, lakini tulifanya kwa kufuli kile alichofanya Zakaria kwa fimbo.

Asubuhi yake tulimwita, tukamrudishia kitabu, tukamwomba msamaha. Ni vigumu kwa mzazi kusema neno hilo mbele ya mtoto, lakini halikutupunguzia heshima. Mama yake akamwambia, “Ukikimaliza, njoo tukizungumze.” Ilipita juma zima. Ndipo akaja usiku, akaketi karibu na mama yake, akatoa barua aliyoandikiwa na mvulana, ambayo alikuwa ameificha kwa miezi miwili asijue la kufanya. Hatusemi ya kuwa mambo yote yalikwisha usiku ule. Msichana wa umri wake ana njia ndefu. Lakini barua ile tuliisoma pamoja naye, wala hakuisoma peke yake gizani.

Baada ya hayo tulimkumbuka Filipo. Alipomkuta yule mtu wa Kushi akisoma chuo cha Isaya garini, hakumnyang'anya. Alimwuliza kama ayafahamu asomayo, naye akamkaribisha. Akapanda, akaketi naye. Hiyo ndiyo kazi ya mzazi, nayo ndiyo kazi ya mwalimu.

Basi twawashauri haya machache. Kwanza, msimkataze mtoto kitabu ambacho ninyi wenyewe hamjakisoma. Na mkikisoma mkaona hakimfai kwa umri wake, mwambieni sababu. Pili, someni kwa sauti, hata kama wote nyumbani wajua kusoma, kwa maana habari isikiwayo pamoja huleta mazungumzo. Tatu, wekeni daftari la kuazimia: jina la kitabu, jina la mwazimaji, na siku. Vitabu vingi havipotei kwa wizi bali kwa aibu ya kudai. Nne, fedha zikiwa kidogo, nyumba tatu au nne zishirikiane: kila moja inunue kitabu kimoja baada ya kuuza mavuno, kisha wabadilishane, na mwisho wa mwaka kila nyumba itakuwa imesoma vyote.

Msimu ujao, Mungu akipenda, twataka kurudia Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka wa 1934, ili watoto wajue watu wa nchi hizi walikotoka. Binti yetu ameomba awe yeye msomaji. Nanyi, ndugu zetu, tuandikieni mnasoma nini. Jirani yetu atauliza, maana Myombekere karibu amalizike, naye amekwisha kutuambia hataki jioni ipite bure.