Hasira Haimalizwi kwa Ngumi

Konda kakunyima chenji, na juu yake kakutolea maneno ya shombo mbele ya abiria wote. Unashuka kituoni moyo unadunda na mikono inatetemeka. Ukifika kazini, shoga yako anakwambia: “Toa yote, usikae nayo moyoni.” Ushauri huo una mashabiki wengi, na ni wa zamani: mwaka 1895 Josef Breuer na Sigmund Freud waliandika kwamba hisia zilizobanwa zinatafuta pa kutokea. Ila ushauri huo ulipopimwa maabara, hesabu hazikukubali.

Mwaka 2002 Brad Bushman, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha jaribio la wanafunzi 600 wa chuo kikuu. Kila mmoja aliandika insha, kisha akarudishiwa ikiwa imepondwa vibaya. Wengine wakapewa glavu na mfuko wa ndondi, wapige huku wakimfikiria aliyewaponda. Wengine walipiga wakiwaza mazoezi tu. Kundi la tatu lilikaa kimya dakika 2. Baadaye wote walipewa nafasi ya kumpigia mkosoaji kelele masikioni. Waliompiga ngumi za mawazoni ndio waliobaki na hasira nyingi kuliko wote, na kelele zao zilikuwa kali. Waliokaa kimya walikuwa wapole kuliko wote.

Sababu iko mwilini. Ukitukanwa, amigdala, sehemu ndogo ndani ya ubongo, inapiga mbiu. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, sukari inaongezeka kwenye damu. Kupiga mto au kufoka kunachochea moto uleule. Mwaka 2024 Bushman na Sophie Kjærvik walikusanya tafiti 154, na picha ikawa hiyohiyo: kinachopunguza hasira ni kinachotuliza mwili, kama kuvuta pumzi taratibu, kulegeza misuli, kutafakari. Hata kukimbia, ambako moyo unakushukuru kwa mengine, hakukusaidia, bali kulielekea kuiongeza.

Wala kutulia si kumeza. Chenji ni haki yako, na utaidai vizuri zaidi sauti ikiwa imeshuka.

Kwa anayewashwa vidole kuandika, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walitoa matokeo ya kuvutia mwaka huohuo 2024. Watu waliotukanwa waliandika yaliyowakera. Waliotupa karatasi kwenye pipa la taka, au kuikatakata kwa mashine, hasira yao ilishuka karibu kufikia ilivyokuwa kabla ya tusi. Walioihifadhi hawakupoa kiasi hicho. Basi andika, chana, tupa, mradi usiirushe kwenye grupu la ukoo.