Tuwajengee Wazee kwa Kanuni za Leo

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inataka familia na jamii ziwatunze wazee kwanza. Makazi maalumu ni hatua ya mwisho. Tunapoyajenga katika parokia zetu za Moshi, ramani ya zamani haitoshi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inadai majengo yanayofikika kwa wote. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hilo linahitaji nafasi: kwa kipimo cha kawaida cha 1 kwa 12, kupandisha kiti cha magurudumu sentimita 50 kunahitaji njia ya mita 6. Msingi ukishamwagwa, nafasi hiyo haipatikani tena. Basi kamati zetu zimwombe mhandisi wa halmashauri alinganishe ramani na kanuni za sasa kabla ya kila hatua. Amri ya nne inafika hadi kwenye upana wa mlango wa choo.