Watu 22 Mkahawani: Miaka 200 ya Chama cha Kutetea Wanyama



Kikundi kikitimiza miaka kumi au ishirini, ni kawaida yetu kufanya sherehe. Akina mama wanapika, chifu anaalikwa, risala inasomwa, halafu watu wanaenda nyumbani. Si vibaya. Lakini siku kama hiyo ni nafasi pia ya kujiuliza: Tulianzaje? Ni nini nusura kituvunje? Na ni nini kilituokoa?

Safari hii tunawaletea habari za chama kilichotimiza miaka 200. Kwa kifupi kinaitwa RSPCA, maana yake Chama cha Kifalme cha Kuzuia Ukatili kwa Wanyama. Ni cha Uingereza. Kilianzishwa London tarehe 16 Juni 1824, na mwaka 2024 kikaadhimisha miaka yake 200. Leo ni chama kikubwa, lakini mtaona kwamba mwanzo wake ni kama wa vikundi vyetu.

Sheria bila wa kuifuata

Zamani hizo farasi na punda ndio waliokuwa lori na matatu za London. Mtu akimpiga mnyama wake mpaka aanguke, hakuna wa kumwuliza. Ni mali yake, bwana! Tena kulikuwa na mchezo wa kumfunga fahali kwenye kigingi na kumwachilia mbwa wamrarue, huku watu wakishangilia. Mwaka 1800, na tena mwaka 1809, miswada ya kuzuia mambo haya ilipelekwa bungeni ikaanguka.

Mbunge mmoja wa Galway, Ireland, jina lake Richard Martin, hakukata tamaa. Mwaka 1822 mswada wake ulipita. Sheria hiyo iliwalinda farasi, nyumbu, punda, ng'ombe na kondoo. Aliyewatesa alitozwa faini ya kuanzia shilingi 10 hadi paundi 5 za Kiingereza, na akishindwa kulipa anafungwa. Mbwa na paka hawakutajwa. Fahali naye hakutajwa kwa jina, na mahakama zikasema basi hayumo.

Sasa sheria ipo, lakini ni nani atakayeifuata huko sokoni? Kikosi cha polisi cha London kilikuwa hakijaundwa. Kiliundwa mwaka 1829. Ilibidi Martin mwenyewe awapeleke watu mahakamani. Inasimuliwa kwamba katika kesi ya mchuuzi mmoja aliyeitwa Bill Burns, watu walikuwa wanaangua kicheko, mpaka Martin alipoleta punda mwenyewe mbele ya hakimu ili vidonda vyake vionekane. Kesi hiyo hata ilichorwa picha.

Lakini mtu mmoja hawezi kuwa katika kila soko na kila barabara. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mkutano wa mkahawani

Aliyeitisha watu ni kasisi wa Kianglikana, Arthur Broome. Walikutana watu 22 katika mkahawa ulioitwa Old Slaughter's. Ajabu ni kwamba neno hilo kwa Kiingereza ni kuchinja, ingawa hapo lilikuwa tu jina la mwenye mkahawa wa kwanza. Martin alikuwepo. William Wilberforce, aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, alikuwa miongoni mwao, na mwenzake katika vita hivyo, Thomas Fowell Buxton, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano.

Walifanya jambo la busara. Waliunda kamati mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kufundisha watu kwa maandishi na mahubiri. Ya pili ilikuwa ya kukagua masoko, vichinjio na waendesha magari ya farasi. Broome aliacha kazi yake ya parokia akawa katibu bila mshahara, akamlipa mkaguzi kutoka mfuko wake mwenyewe. Katika mwaka wa kwanza watu 63 walifikishwa mbele ya hakimu.

Katibu afungwa kwa deni

Hapa tunawaomba wenye kushika vitabu vya kikundi wasome polepole. Kazi ilikuwa nzuri, lakini mfuko ulikuwa mtupu. Uchapishaji ulidai, wakaguzi walidai, na michango haikutosha. Deni lilipopanda mpaka karibu paundi 300, waliodai hawakuwakamata wanachama wote. Walimshika Broome, kwa kuwa yeye ndiye aliyesimamia deni. Mwaka 1826 kasisi huyo akatupwa jela kwa deni la chama.

Waliochanga pesa za kumtoa ni Martin na mwanachama mwingine, Lewis Gompertz. Gompertz alikuwa Myahudi. Alipenda wanyama kiasi kwamba hakula nyama wala hakupanda gari la kuvutwa na farasi. Ndiye aliyechukua ukatibu na kukibeba chama katika miaka yake migumu.

Je, alishukuruje? Mwanzoni mwa miaka ya 1830 chama kiliamua kwamba msingi wake uwe wa Kikristo tu. Basi Gompertz, aliyekiokoa, akajikuta hana nafasi tena. Aliondoka akaanzisha chama kingine. Broome naye alifariki mwaka 1837, maskini na aliyesahauliwa. Tunayasema haya waziwazi kwa sababu sherehe isiyotaja waliobeba mzigo ni nusu ya sherehe.

Mti ukashika mizizi

Chama hakikufa. Mwaka 1835 sheria ilipanuliwa: mbwa na fahali wakaingizwa, na mapigano ya fahali na ya jogoo yakapigwa marufuku. Mwaka 1840 Malkia Victoria alikiruhusu kutumia jina la Kifalme.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja na sheria ya mwaka 2006 ya Uingereza na Wales. Sheria za mwanzo zilisema: usimtese mnyama. Hii mpya inasema: ukimfuga, ni wajibu wako kumtunza. Usingoje mpaka awe na kidonda. Inataja mahitaji matano: mahali panapofaa pa kukaa, chakula na maji, nafasi ya kuishi kwa desturi yake, kuwa na wenzake au kutengwa nao inavyomfaa, na kukingwa na maumivu na magonjwa.

Sherehe ya mwaka 2024

Mwaka huo wa sherehe ulikuwa na furaha na machungu. Mfalme Charles alikubali kuwa mlezi wa chama. Mwezi wa Mei bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe na farasi kusafirishwa hai kutoka Uingereza bara kwenda kuchinjwa ng'ambo, jambo ambalo chama kilikuwa kimelipigania zaidi ya miaka 50.

Lakini mwezi wa Juni, wakati wa maadhimisho yenyewe, watetezi wengine wa wanyama walitoa picha za mateso katika mashamba yaliyokuwa na alama ya ubora ya mpango wa chama hicho. Mabishano yakawa makali, na mwezi wa Desemba rais wa chama, Chris Packham, akajiuzulu. Kumbe hata chama cha miaka 200 huulizwa hesabu ya kazi yake!

Na sisi je?

Kenya pia ina sheria, Sura ya 360, ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Kumpiga mnyama kikatili, kumtwika kupita nguvu zake au kumnyima chakula ni kosa. Lakini kama tulivyoona, sheria haitembei yenyewe kwenda sokoni. Kikundi kinaweza kuitembeza.

Tazameni punda anayetuletea maji. Tandiko lililochakaa linamchubua mgongo, kidonda kinaoza, na kesho mtungi unarudi kichwani kwa mama. Kikundi kinaweza kukubaliana kuhusu mzigo, kushona matandiko mazuri, kumwita afisa wa mifugo mapema, na kumwonya kwa upole anayempiga punda wake. Akishupaa, kuna chifu na polisi.

Na vitabu vya pesa visomwe mbele ya wote kila mkutano. Deni la kikundi lisikae juu ya mtu mmoja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni nani walioanzisha kikundi chetu? Je, majina yao yameandikwa mahali?
2. Kikundi kikidaiwa leo, atakayeshikwa ni nani?
3. Je, kuna mtu aliyetusaidia tukamfungia mlango kwa ajili ya dini au kabila lake?
4. Katika yale mahitaji matano, ni lipi ambalo punda na ng'ombe wetu wanalikosa?