Carmel: mwenye duka hulipa, mwenye nyumba hupiga kura

Tarehe 8 Aprili 1986 wapiga kura wa Carmel-by-the-Sea, mji mdogo wa mapumziko katika pwani ya California, Marekani, walimchagua mcheza sinema Clint Eastwood kuwa meya wao. Alipata kura 2,166. Meya aliyekuwa madarakani, Charlotte Townsend, aliambulia 799. Mshahara wa kazi hiyo ulikuwa dola 200 kwa mwezi, yaani dola 4,800 kwa kipindi kizima cha miaka miwili.

Magazeti ya dunia nzima yaliichukulia habari hiyo kama kichekesho: shujaa wa filamu za bastola anakwenda kusikiliza malalamiko ya mitaro na maegesho ya magari. Sisi wa ukurasa wa soko tunaiangalia kwa jicho jingine. Huu ulikuwa ugomvi wa kibiashara uliofikishwa kwenye sanduku la kura, na hesabu zake zinamfaa kila mfanyabiashara anayefikiria kugombea udiwani katika mji unaoishi kwa wageni.

Chanzo chake ni kibali cha ujenzi. Eastwood alikuwa mbia katika mgahawa wa Hog's Breath Inn, na alitaka kujenga jengo la biashara jirani na hapo. Wakubwa wa mipango miji wakamkatalia. Akaishitaki halmashauri, na shauri hilo likamalizwa kwa maelewano nje ya mahakama. Mtu mwingine angeridhika hapo. Yeye aliona kwamba mfanyabiashara asiye na mawakili wala fedha zake angekwama palepale alipokwamia, na Januari 1986 akachukua fomu.

Kabla ya kuwalaumu waliomnyima kibali, ni vyema msomaji ajue mji wenyewe umejengwa juu ya nini. Carmel ulipata hadhi ya mji mwaka 1916, na eneo lake ni kama maili moja ya mraba tu. Mwaka 1929 ulitunga sheria ndogo iliyotamka wazi kwamba huu ni mji wa makazi kwanza, na kwamba biashara iko chini ya makazi, jana, leo na kesho. Sheria hiyo haikuwa pambo. Ndiyo iliyozaa kikomo cha idadi ya mikahawa na vyumba vya hoteli, na katika miaka ya kati ya 1980 marufuku ya mikahawa ya makampuni yenye matawi yanayofanana nchi nzima. Ipo pia sheria ya mwaka 1963 inayomtaka mwanamke mwenye viatu vya visigino virefu kuchukua kibali cha halmashauri. Watalii huicheka, lakini mwenye kujua bima hacheki: mizizi ya miti imeinua njia za miguu, na mji ulitaka kujikinga na madai ya fidia ya watu wanaojikwaa.

Sasa tuje kwenye mapato. Kasma ya Carmel inasimama juu ya nguzo tatu: kodi ya majengo, kodi ya mauzo na ushuru wa vyumba vya wageni. Mwaka 1978 wapiga kura wa jimbo la California walipitisha Pendekezo la 13, ambalo lilifunga kodi ya majengo kwenye asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na thamani hiyo hairuhusiwi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Kwa hiyo mstaafu aliyenunua nyumba zamani hulipa kwa kufuata bei ile ya zamani, hata kama jirani yake amenunua jana kwa mamilioni. Tena katika hiyo asilimia 1 kuna mgawo wa shule na wa wilaya, na halmashauri hubaki na kipande.

Mgeni, kwa upande wake, hana nafuu ya namna hiyo. Chumba chake cha hoteli kina ushuru unaopanda pamoja na bei ya chumba. Katika kodi anayolipa dukani, fungu la msingi la mji ni senti moja katika kila dola. Chakula cha jioni cha dola 80 kwa watu wawili huachia mji angalau senti 80. Kidogo, ndiyo, lakini zidisha kwa meza zote za mji mzima, usiku baada ya usiku, na utaona ni nani anayelipa askari polisi na kufagia barabara.

Hapo ndipo penye mkorogo. Mgeni anayelipa hapigi kura. Mwenye duka anayekusanya kodi hiyo mara nyingi hapigi kura pia, maana bei za nyumba zimemsukuma akaishi Monterey, Seaside au kwingineko, na daftari la wapiga kura linamtambua mkazi tu. Mfanyakazi wa hoteli vivyo hivyo. Anayepiga kura ni mwenye nyumba anayeishi mjini, mara nyingi mtu mzima aliyestaafu, ambaye kila gari la mtalii linamzibia njia na kila duka jipya ni kelele zaidi. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 3,220 tu. Ukiondoa watoto na wasio raia, mgombea anaweza kabisa kubisha hodi kila nyumba kabla ya siku ya uchaguzi.

Kwa gharama za fomu, udiwani wa mji kama huu ni miongoni mwa vitu rahisi katika jimbo lile. Sheria ya uchaguzi inataka uwe na miaka 18, uwe mpiga kura uliyeandikishwa katika mji huo, na upate sahihi za wadhamini wasiopungua 20 na wasiozidi 30. Ada ambayo mji unaweza kutoza haivuki dola 25. Gharama kubwa ziko kwingine, na mfanyabiashara asipozihesabu mapema ataumia.

Ya kwanza ni siri zake. Sheria ya mwaka 1974 inamlazimu mgombea kutangaza maslahi yake: hisa, mali zisizohamishika, vyanzo vya mapato. Majirani na washindani wake wanayo haki ya kusoma. Akishachaguliwa, jambo linalogusa mfuko wake likiletwa kikaoni itambidi ajitoe, asijadili wala kupiga kura. Kwa maneno mengine, yule aliyegombea ili apate kibali cha duka lake ndiye hasa asiyeruhusiwa kukipigia kura. Ya pili ni ulimi. Tangu 1953 sheria iitwayo Brown Act inataka mambo ya halmashauri yajadiliwe hadharani, na ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla. Baraza la Carmel lina watu watano, meya na madiwani wanne. Watatu kati yao wakikaa kwenye kahawa wakaanza kuzungumzia maegesho, tayari ni kikao kisicho halali. Kwa mtu aliyezoea kumaliza mambo kwa simu tatu, kazi hiyo ni nzito.

Eastwood alielewa daftari hilo vizuri kuliko wapinzani wake walivyodhani. Hakwenda na kauli ya wafanyabiashara peke yake. Alimkodi mshauri wa kampeni, kisha akaenda kunywa chai sebuleni kwa wazee, kikundi kidogo kidogo, akiwaambia kwamba mji hauwezi kuishi kwa kuwachukia watu wanaoulipia. Mfano wake uliojulikana sana ulikuwa wa aiskrimu. Halmashauri ilikuwa imebana uuzaji wa vyakula vya kuliwa njiani kiasi kwamba muuza aiskrimu za koni alinyimwa kibali. Mkazi asiyejali habari za majengo ya biashara aliweza kuielewa aiskrimu, kwani mjukuu wake akija likizo ataitaka. Tofauti ya kura 1,367 katika mji wa ukubwa ule haiwezi kuwa ya wenye maduka. Ni lazima wazee wale wa chai walimpa.

Na baada ya ushindi? Meya wa Carmel ana kura moja kati ya tano. Hana kura ya turufu, hawezi kuamuru peke yake, na ilimbidi atafute wawili wa kumuunga mkono kila mara. Baraza jipya lililegeza masharti ya aiskrimu, wajumbe kadhaa wa kamati ya mipango miji wakaondolewa, maegesho yakaongezwa, na maktaba ikapata sehemu ya watoto. Yalikuwa mambo madogo yanayoonekana kwa macho.

Jambo kubwa kuliko yote katika kipindi kile hakulifanya kwa kura bali kwa hundi. Mwaka huohuo wa 1986 shamba la Mission Ranch, ekari 22 pembeni mwa mji, lilikuwa hatarini kugeuzwa majumba ya kuuzwa nyumba moja moja. Eastwood alilinunua kwa fedha zake, zinazotajwa kuwa kama dola milioni 5, akalihifadhi kama hoteli na mgahawa. Msomaji asijidanganye hapa. Diwani wa kawaida mwenye duka la viatu hana njia hiyo, na kumpima kwa kipimo cha Eastwood ni kumwonea. Mwaka 1988 hakugombea tena.

Aliyedhani kuwa wakazi walikuwa wameshindwa kabisa aliamshwa mwaka uliofuata. Mwaka 1989 halmashauri ilipiga marufuku kupangisha nyumba katika maeneo ya makazi kwa muda unaopungua siku 30. Kundi la wenye nyumba waliokuwa wakipangisha kwa watalii wa mwisho wa juma likaenda mahakamani likidai limenyang'anywa mali bila fidia. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ya California, katika kesi ya Ewing, iliupa mji ushindi. Hoja yake ilikuwa kwamba mpangaji wa siku mbili hajiungi na chama chochote cha mtaa, hajitolei kwa lolote na hana habari na mambo ya serikali ya mji. Watu wa namna hiyo wakijaa, mtaa hauwi mtaa tena.

Kwa mwekezaji mdogo, hukumu hiyo ina uzito kuliko kura zote za mwaka 1986. Aliyekuwa amenunua nyumba kwa mkopo akitegemea wageni wa mwisho wa juma walipe marejesho, alipoteza hesabu yake yote kwa uamuzi wa meza ya watu watano. Kwa upande mwingine, aliyekuwa tayari ana hoteli katikati ya mji alifurahi kimyakimya, kwa kuwa ushindani umepunguzwa na sheria na vyumba vyake haviwezi kuongezewa wenzake ovyo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba vikomo vya Carmel ni uadui kwa biashara. Ni uadui kwa biashara inayotaka kuingia. Iliyokwisha kuingia inalindwa, na leseni ya mgahawa katika mji wenye idadi maalumu ya mikahawa ni mali yenye bei yake. Anayenunua duka pale anapaswa kuuliza kwanza leseni ni ya aina gani, kisha aulize bei ya meza na viti.

Mwaka 2018 uchaguzi wa Carmel ulihamishwa kutoka Aprili hadi Novemba, pamoja na chaguzi za jimbo na za taifa. Meya bado huchaguliwa kwa miaka miwili na madiwani kwa minne, viti viwili kwa zamu. Fomu sasa huchukuliwa kati ya Julai na Agosti, majira ambayo hoteli zimejaa na mwenye duka hana hata nafasi ya kukaa chini.